Mutua Hakuwa Mlevi

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huwa naacha chochote nilichoshika. Marehemu mke wangu alizoea kuniona nimetulia mezani na kijiko hewani, ugali unapoa, na hakuhitaji kuuliza. Alisema tu, "Umeenda tena kwa Mutua." Na ni kweli nilikuwa nimeenda.

Nitakueleza polepole, usinikimbize. Shule mimi niliiachia darasa la nne, na mtu kama mimi akisimulia jambo huzunguka nyumba yote kwanza ndipo apate mlango.

Nilikuja Nairobi kutoka upande wa Machakos nikiwa kijana, mali yangu ni tezo moja ya kuchongea na shati mbili. Nikapata nafasi katika chumba hapa Ziwani, tukikaa wawili, mimi na Mutua, yeye akitoka Kibwezi. Vitanda viwili, jiko la makaa katikati, dirisha moja. Asubuhi tulishuka kwa miguu mpaka Gikomba, ambako wakati huo kulikuwa na banda letu wachongaji wa Kikamba, mabati juu na vumbi la mbao chini, tumeketi miguu imenyooshwa kama watoto wanaosubiri uji. Kila mchongaji alikuwa na mnyama wake. Walikuwepo waliochonga twiga maisha yao yote, na ukimwambia mmoja wao achonge kifaru anakutazama kama umemtukania mama.

Sisi wawili tulichonga swala. Mimi nilitoa umbo. Nililipiga gogo kwa tezo mpaka likaanza kuonekana lina shingo, lina mgongo, lina miguu. Halafu nilimpitishia Mutua aliyeketi mkono wangu wa kulia, naye kwa kisu chake kidogo alitoa masikio, pua, na mwisho kabisa macho. Swala wangu alikuwa ni ukuni tu wenye miguu minne mpaka Mutua amtie macho. Hapo mnyama alikugeukia. Mpaka leo sijaona mtu mwingine anayeweza kuufanya mti uogope hivyo, uonekane umesikia kitu majanini.

Na mdomo alikuwa nao. Nikimpa swala aliyekonda alisema, "Kioko, huyu umemchonga ukiwa na njaa, nenda ule kwanza." Nikimpa mnene aliuliza kama ni swala wa chifu. Siku nyingine tulipanda mpaka soko la nyama la Burma tukala maini ya kukaanga, yeye akiongea na mimi nikicheka, na nilidhani maisha yote yatakuwa vile. Kijana hudhani hivyo. Wewe pia unadhani hivyo sasa hivi, wala sikulaumu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mara mbili hivi kila mwezi Mutua alibadilika. Kwanza alianza kupiga miayo tangu asubuhi, miayo mikubwa kama mtu aliyelinda lango la tajiri usiku kucha. Alitaka vitu vitamu. Chai yake aliijaza sukari, na mfukoni alitembea na peremende. Halafu, katikati ya kazi, aliweka kisu chini na kusugua jicho. Aliniambia kwa sauti ndogo, "Imeanza. Naona kama meno ya msumeno yanawaka, yako upande huu tu." Baada ya muda ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yakimtoka yamepinda. Halafu kichwa chenyewe kilimpiga, upande mmoja, naye alitoka kutapika nyuma ya banda. Alivaa miwani nyeusi, akapanda kurudi Ziwani akishika kuta za watu. Nikirudi jioni nilimkuta amelala, blanketi limefungwa dirishani, na aliniomba nisikaange kitunguu. Kesho yake alikuwa amenyauka, mikono inatetemeka, anatembea kama anayeogopa kuamsha mtu.

Mwanangu, mimi nilizaliwa katika nyumba ya mlevi. Sisemi kwa kujisifu wala kwa kuona haya, yameshapita. Baba yangu alikunywa mpaka mbuzi wakaisha. Kwa hiyo nilipomwona mtu anatapika, anashika kuta, ulimi mzito, miwani nyeusi, na kesho yake anatetemeka, sikuona haja ya kumwuliza mtu. Nilijiona nina elimu ya jambo hilo. Zile peremende nazo nilizielewa papo hapo, kwa sababu baba yangu naye alitafuna iliki ili mama asisikie harufu.

Nilimwambia Mutua siku moja, "Hata baba yangu alikuwa akiona vitu vinawaka." Nikacheka. Yeye hakucheka. Tangu siku hiyo hakunieleza tena habari ya ule msumeno.

Pale bandani kila mtu alikuwa na lake. Fundi mmoja wa twiga alisema kichwa cha namna hiyo ni ugonjwa wa wanawake, mwanamume hawezi kulazwa na kichwa, labda awe na sababu nyingine, na akasema "sababu" huku akiinua mkono mdomoni kama mtu anayekunywa. Mwingine alisema kazi ndogo ndogo za kisu zimemharibu macho, akamletea miwani ya mjomba wake, Mutua akaivaa siku tatu akawa anajikwaa. Mzee mmoja aliapa kwamba wale wanyama anaowatia macho wanamlipiza. Mutua mwenyewe alikwenda zahanati mara moja tu, akaulizwa kama anaumwa kichwa, akasema ndiyo, akapewa tembe za kichwa, basi. Mimi niliyelala hatua tatu kutoka kitanda chake sikusema lolote. Nilichofanya ni kununa. Alipolala, mimi ndiye niliyebaki na swala wasio na macho, na mnunuzi anasubiri.

Wakati huo Mutua alikuwa anataka kuoa. Msichana aliitwa Nyambura, babake ni mtu wa Murang'a aliyekuwa akiuza mapazia ya mitumba Gikomba, mstari wa pili kutoka banda letu. Mzee huyo hakuwa na shida na Mkamba. Shida yake ilikuwa pombe. Binti yake mkubwa alikuwa ameolewa na mlevi, akarudi nyumbani na mkono uliovunjika. Kwa hiyo alisema neno moja tu: alete barua ya kanisa lake inayosema hanywi. Akileta barua, atapewa binti.

Ilionekana ni jambo dogo. Kanisa letu lilikuwa kali sana kwa pombe, na kabla wazee hawajaandika barua ya namna hiyo walimwita mtu anayelala na kijana huyo chumba kimoja. Ndio mimi sasa.

Ilikuwa ile Jumamosi, saa nane mchana, katika ofisi ya kanisa. Wazee watatu mezani, mkubwa wao akiitwa Musyoka, mtu wa haki, simlaumu. Babake Nyambura amekaa kando, kofia magotini. Mutua amevaa koti lake la pekee. Njiani alikuwa amepiga miayo tangu tunatoka Ziwani, na pale langoni akasimama kununua peremende. Niliona. Nikajisemea moyoni, huyu hata leo amekunywa.

Mzee Musyoka akaniuliza, "Kioko, wewe unaishi naye. Kijana huyu anakunywa?"

Ningeweza kusema kwamba sijawahi kumwona na kikombe mkononi, nikaishia hapo. Huo ndio ukweli pekee niliokuwa nao juu ya pombe. Nilisema, "Sijamwona na kikombe, mzee. Lakini nimemwona akitapika. Nimemwona akishika kuta. Na akishikwa, ulimi wake hauendi sawa."

"Harufu je?"

"Banda letu linanuka petroli na rangi ya viatu tunayowapaka wanyama wa mbao, mzee, huwezi kusikia harufu ya mtu. Ila hutafuna peremende."

Wakamtazama. Shavu lake lilikuwa limevimba kwa peremende.

Wakamwambia asimame ajieleze. Alisimama akielekea dirisha, jua la mchana likimpiga usoni, akafunga jicho moja. Alifungua kinywa. Alianza kusema "Wazee," halafu neno lililofuata halikuja. Akajaribu tena, likatoka neno lisilo na maana yoyote, si Kikamba wala Kiswahili. Akagusa mdomo wake kwa vidole kama anayeuliza kama bado upo. Halafu akanigeukia. Mwanangu, kule bandani alikuwa na tabia ya kunyoosha mkono bila kuangalia, nami nikamwekea msasa kiganjani, kwa sababu nilijua anachotaka. Alinigeukia vile vile. Alitaka nimpe neno.

Nami nikatazama sakafu.

Babake Nyambura alivaa kofia yake. Hakufoka. Alisema, "Hata leo, mbele ya wazee," akatoka, na nilimsikia akiaga mtu langoni kwa adabu zote.

Mutua aliwekwa chini ya nidhamu. Maana yake kwetu ni kukaa benchi la nyuma, kutoshiriki meza ya Bwana, na ndoa hakuna mpaka wazee waridhike. Nyambura alipelekwa kwa shangazi yake Thika, na nikasikia baadaye kwamba ameolewa huko.

Siku tano baadaye nilimkuta Mutua amefunga visu vyake katika kitambaa. Kichwa kilikuwa kimepita, ulimi wake umerudi sawa sawa. Nilimwuliza anaenda wapi, akasema nyumbani. Nikasema kitu cha kipumbavu, kwamba mimi nilisema tu nilichokiona. Akaniambia, bila hasira:

"Ni kweli, Kioko, ulisema ulichokiona. Lakini ulikuwa na miaka miwili ya kuniuliza."

Akaenda. Nilimsikia akishuka ngazi, hatua zake nazijua, na nikabaki nimesimama na sufuria mkononi.

Wenzangu wa bandani waliniletea mtu mwingine wa kutia macho, kijana mwenye bidii. Swala wake walikuwa na macho ya samaki. Nilichonga naye mwaka mmoja, na mwaka huo wote nikikaa niliacha nafasi kidogo upande wa kulia, halafu nakumbuka kwamba aliyepo hahitaji nafasi kubwa hivyo. Hicho ndicho kitu ambacho sikuwa nimeambiwa kuhusu kumpoteza rafiki. Mke ukimpoteza watu huja na sukari na unga, wanakaa na wewe. Rafiki akiondoka hakuna anayekuja. Unakula maini Burma peke yako, unaona jambo la kuchekesha, unageuka kumwambia, na pale pembeni ni mtu usiyemjua, anashangaa kwa nini unamtabasamia.

Niliacha uchongaji, nikaingia useremala, miguu ya viti na vitanda, kazi isiyohitaji macho ya mnyama. Nikaoa, nikazaa. Wa mwisho ni Mwende, ambaye hushona sare za shule hapo Gikomba. Huyu ndiye aliyenifungulia jambo hili, na hakujua.

Mwende naye alianza kuugua kichwa. Kila mtu akawa daktari, kama kawaida yetu. Mama mkwe wake alisema anahitaji miwani. Jirani alimfunga leso kichwani ikakaza mpaka macho yakamtoka. Kijana mmoja anayeshona naye akaniambia, "Mzee, huyo ako tu na stress, apumzike." Mwende mwenyewe alinunua tembe dukani karibu kila siku, mbili asubuhi na mbili jioni, na kadiri alivyozimeza ndivyo kichwa kilivyozidi kurudi.

Jumapili moja alikuja kunitembelea. Akapiga miayo. Akatia sukari vijiko vinne katika chai, yeye ambaye hapendi sukari. Nilikuwa namtazama tu. Halafu akasugua jicho akasema, "Baba, kuna mstari unawaka hapa pembeni, umekatika katika kama zigizaga."

Niliweka kikombe changu chini. Mtoto wangu huyu hajawahi kuonja hata kileo cha harusini.

Tulikwenda zahanati pamoja. Daktari alikuwa msichana mdogo, umri wa wajukuu wangu karibu, lakini alikuwa na kitu ambacho sisi wote hatukuwa nacho: aliuliza, halafu akanyamaza asikie. Aliuliza kinaanza vipi, upande gani, anaona nini, anatamani nini, mwanga unamfanyaje. Halafu akasema, hiki ni kipandauso. Akaeleza kwamba si kichwa cha kawaida kilichozidi ukali. Ni ugonjwa wa ubongo wenyewe, mara nyingi huwa katika ukoo, na maumivu ni sehemu moja tu. Alimwambia Mwende aache zile tembe za kila siku, kwa maana zikizidi zenyewe huanza kuleta kichwa, akampa dawa nyingine na utaratibu wa kulala na kula kwa wakati.

Nikauliza, "Daktari, mwanamume anaweza kushikwa na kitu hiki?"

"Anaweza sana, mzee. Wanawake ni wengi zaidi, lakini wanaume wapo, wengi hujificha."

"Na ulimi?"

"Kuna wengine ulimi hukwama kabla ya kichwa kuanza, hata saa nzima, halafu hurudi. Uso nao unaweza kufa ganzi." Kisha akaniangalia vizuri. "Lakini mzee, mtu akikwama ulimi mara ya kwanza msikae naye nyumbani mkibahatisha. Mleteni mbio. Kiharusi nacho huanza vile vile."

Nikauliza habari ya peremende. Akatabasamu, akasema wengine hutamani vitamu siku hiyo, ni mwili unaotoa habari mapema. Nikaanza kulia pale pale. Alidhani namlilia Mwende, akaniambia binti yangu atakuwa sawa. Sikuweza kumweleza kwamba nililia kwa koti moja lililosimama mbele ya dirisha.

Kumtafuta Mutua hakukuchukua hata wiki. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Miaka yote nilijiambia hapatikani, na Mwende alimwuliza tu dereva mmoja wa Kibwezi, yule akamjua mtu anayemjua. Nikapewa namba. Nikaikalia siku mbili, halafu nikapiga.

Nikasema, "Mutua, ni Kioko wa Ziwani."

Nikasikia kuku upande wake. Halafu sauti ile ile, imezeeka kama mimi. "Kioko wa swala waliokonda."

Nilimweleza yote, ya Mwende, ya daktari, ya msumeno unaowaka, ya ulimi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Kumbe kina jina."

Yaani hakujua, mwanangu. Alioa, akazeeka, akazika mke, na wakati wote huo kila kichwa kikimshika aliambiwa ni jini, au ni dhambi aliyoificha Nairobi. Nusu ya maisha yake alilala gizani na kitu kisicho na jina. Nikamwomba anisamehe. Akasema, "Mimi umeniambia. Wale uliowaambia mbele yangu, umewaambia?"

Nikasema wamekufa, mzee Musyoka na wenzake, hata baba yake Nyambura. Akasema, "Kanisa nalo limekufa?"

Basi nikaenda kwa mchungaji, kijana wa siku hizi, ambaye hakuelewa kwa nini nataka kufukua jambo la zamani hivyo, lakini akanipa dakika mbili wakati wa matangazo. Nilisimama. Nikasema, Mutua wa Kibwezi aliwekwa benchi la nyuma hapa kwa sababu ya ushahidi wangu, na ushahidi ule haukuwa kweli. Hakuwa mlevi. Alikuwa mgonjwa, nami nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote na sikumwuliza. Nikakaa. Wengi hawakujua nazungumza habari ya nani. Kwaya ikaimba.

Mchana nilimpigia. Akauliza watu walisema nini. Nikamwambia ukweli, kwamba hawakusema kitu, hawamjui. Akacheka, mwanangu. Cheko lile la bandani. Akasema, "Basi sasa wananijua."

Nilimwomba aje Ziwani hata kwa siku mbili. Alisema safari ndefu na taa za barabara humwamshia kile kichwa, tutaona. Hajaja, na mimi miguu yangu hainifikishi Kibwezi. Nyambura sijui aliko, na lile nililolivunja kwake sitalitengeneza. Lakini tunaongea na Mutua, karibu kila wiki. Kuna siku napiga na hapokei. Zamani ningenuna. Siku hizi nikiona imeita mpaka ikakatika, sipigi mara ya pili. Najua amelala, blanketi liko dirishani. Naiweka simu mezani nami nakaa kimya hapa kwangu, mpaka yeye mwenyewe anitafute.

Basi sikia ninachotaka ubaki nacho. Mtu akikuambia anaumwa na wewe huoni kidonda, usiwe mwepesi kumpa ugonjwa unaoujua wewe. Mimi nilimpa rafiki yangu ugonjwa wa baba yangu. Usiseme ni kichwa tu, usiseme anakwepa kazi, usiseme mwanamume halazwi na kichwa, wala usimjazie tembe za dukani kila siku ukadhani umemsaidia. Ukiona ulimi wa mtu umekwama ghafla, hata kama una hakika amelewa, mpeleke hospitali kwanza, mengine yatajulikana huko. Na ukiitwa kushuhudia juu ya mwenzako, kumbuka kwamba macho yako hayajamaliza kazi mpaka umwulize yeye, wakati ungali na nafasi. Miaka miwili ni mingi. Mimi niliipoteza yote hatua tatu kutoka kitanda chake.

Mungu akupe kichwa chepesi, mwanangu. Na kama atakujalia kizito, akupe mtu wa kukufungia pazia, atoe watoto nje wanyamaze, na aamini neno lako kabla hujalimaliza. Na wewe uwe mtu huyo kwa mwingine. Amina.